Korona na figo: ulizeni pia kuhusu mkojo

Jamaa za mgonjwa wa korona aliyelazwa huuliza kwanza oksijeni iko ngapi. Ni swali zuri. Sisi tunaotibu figo tungependa waongeze la pili, hata kama linatia haya: tangu jana amekojoa kiasi gani?

Kisa cha kwanza nchini kilipothibitishwa hapa Nairobi, Machi 13, 2020, macho yote yalikuwa kwenye mapafu. Muda si mrefu madaktari wa New York waliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 5,400 waliolazwa, wakakuta zaidi ya thuluthi moja figo zao zimeumia ghafla. Kwa waliowekewa mashine ya kupumua, walikuwa karibu 9 kati ya 10. Hizo ni takwimu za kule, za wimbi la kwanza, kabla ya chanjo. Hata hivyo mwili ni uleule: mapafu yakizidiwa, figo haziko mbali.

Figo hupokea takriban moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Presha ikishuka kwa sababu ya maambukizi makali, au oksijeni ikipungua, huumia mapema. Korona pia inaweza kugandisha damu kwenye mishipa midogo, na kinga ya mwili ikipandwa na hasira hudhuru hata viungo vyake yenyewe. Mwenye kisukari, presha au figo dhaifu tangu zamani yumo hatarini zaidi.

Lakini madhara mengine huanzia nyumbani, na hapa ndipo ninapotaka tuelewane. Chukua mzee wa Kayole anayemeza losartan na kidonge cha kukojoza kwa ajili ya presha. Homa inampata, anaharisha, chakula hakipiti, maji anayaonja tu. Mwili unauma, kwa hiyo kijana anatumwa kemisti kuleta diclofenac. Dawa hizo tatu zikikutana katika mwili uliokauka, figo zinaweza kuacha kufanya kazi kabla mzee hajafika hospitalini. Hakuna aliyekosea kwa makusudi. Diclofenac inauzwa kama peremende. Homa na maumivu yatulizwe kwa paracetamol, kwa kipimo kilichoandikwa. Dawa za presha msizikatize kienyeji. Mpigieni daktari mwulize kama zisimamishwe kwa siku chache.

Wodini, tazameni mfuko wa mkojo unaoning'inia kando ya kitanda. Mtu mzima akitoa chini ya nusu lita kwa siku nzima, mwulizeni muuguzi, na mwulizeni kreatinini (taka iliyo kwenye damu, ambayo figo huichuja) ya leo ikilinganishwa na ya jana. Nambari moja peke yake haisemi mengi. Tunachotazama ni inavyopanda au kushuka.

Daktari akitaja dialisisi, yaani kusafisha damu kwa mashine, familia nyingi huanza papo hapo kuunda kundi la WhatsApp la mchango, zikidhani ni safari ya maisha. Si lazima iwe hivyo. Kwa figo zilizoumia ghafla, mashine huwa inashika zamu tu, na wengi wanaopona korona huachana nayo. Wapo wasioachana nayo, na huo ni ukweli ambao familia inapaswa kuambiwa mapema.

Kosa kubwa hutokea baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Mgonjwa anapumua vizuri, anarudi kazini, na figo hazikumbukwi tena. Ikiwa ziliumia, rudi kliniki upimwe ndani ya miezi mitatu: presha, kreatinini, na protini kwenye mkojo. Kipimo cha mkojo msikiruke, kwani kreatinini inaweza kuonekana sawa ilhali sehemu kubwa ya uwezo wa figo imeshapotea. Njoo na ile karatasi ya kuruhusiwa, ili tuone figo zilikuwaje ulipoingia na ulipotoka. Na siku mgongo ukikuuma ukaenda kemisti, mwambie muuzaji kwamba figo zako ziliwahi kuumia, kabla hajafikia kabati la dawa za maumivu.