Je, wajua kwa nini dai la fidia ya ulemavu la mwanajeshi wa zamani wa Marekani huchukua miezi?

Mwaka 2012, Mkaguzi Mkuu wa Idara ya Wanajeshi wa Zamani ya Marekani alitoa ripoti kuhusu ofisi ya idara hiyo mjini Winston-Salem, North Carolina. Majalada yapatayo 37,000 yalikuwa yamerundikwa juu ya makabati kwa sababu ndani hamkuwa na nafasi, na uzito wake ulitosha kutia shaka uimara wa jengo. Machi mwaka uliofuata, madai yaliyopita siku 125 bila kuamuliwa yalifikia takriban 611,000 nchi nzima.

Dawa iliyotumika ilikuwa kompyuta. Mfumo wa majalada ya kielektroniki ulifika katika ofisi zote 56 mwaka 2013, na miaka michache baadaye foleni ya kitaifa ikaanza kugawa kazi, hivyo dai la mtu wa Texas linaweza kuamuliwa na afisa aliyeko Ohio mwenye nafasi siku hiyo. Jalada halisafiri tena kwa posta wala halipotei chini ya meza. Hata hivyo mdai bado hungoja miezi, kwa sababu kompyuta iliharakisha mwendo wa karatasi na haikuweza kuharakisha ushahidi ambao haujafika. Katika hatua zote ambazo dai hupitia, ile ya kukusanya ushahidi ndiyo huwa ndefu kuliko nyingine. Afisa anayepanga kiwango cha ulemavu hufanya kazi haraka akilikuta jalada limekamilika. Shida ni kwamba majalada mengi hayafiki kwake yakiwa hivyo.

Limekamilika maana yake nini? Ukiacha madai ya aina ya pekee, lazima yawepo mambo matatu: ugonjwa au jeraha ambalo mtu analo sasa, tukio lililotokea akiwa jeshini, na maoni ya kitabibu yanayounganisha hayo mawili. La kwanza watu wengi wanalo, na la pili hupatikana kwenye kumbukumbu za utumishi. La tatu, yaani kiungo, ndilo linaloangusha madai mengi. Mtu huleta picha za eksirei za goti bovu pamoja na cheti kinachoonyesha alikuwa askari wa miamvuli, akadhani mambo hayo yanajieleza. Hayajielezi. Lazima daktari aandike kwamba kuna uwezekano wa angalau nusu kwa nusu kuwa goti limeharibika kutokana na utumishi, kisha aeleze sababu zake.

Kiwango hicho ni cha chini kuliko wanavyodhani madaktari wengi. Sheria inasema ushahidi wa pande mbili ukilingana uzito, mdai ndiye anayepewa faida ya shaka. Lakini daktari asiyeijua kanuni hiyo huandika “huenda” au “haiwezi kukataliwa”, kwa nia njema kabisa, na maneno hayo huhesabiwa kuwa kubahatisha. Barua ya sentensi moja isiyo na sababu haifai zaidi ya hiyo. Daktari aandike kwamba amesoma kumbukumbu za matibabu ya jeshini, ataje tarehe ya jeraha, aeleze jinsi jeraha la aina hiyo linavyofikia hali ya sasa, na aseme kwa nini umri au kazi ya baadaye si maelezo bora zaidi.

Kuna jambo la kufanya kabla ya hayo yote, nalo huchukua dakika chache: kuwasilisha nia ya kudai, kwa fomu 21-0966 au kwa kuanza kujaza dai kwenye tovuti ya idara. Hapo tarehe hushikwa, na mdai hupata mwaka mmoja wa kukusanya vielelezo kabla ya kuleta fomu yenyewe, 21-526EZ. Aliyeweka nia tarehe 10 Machi 2024 akaleta dai Februari 2025, akikubaliwa, na ikiwa ulemavu ulikuwapo wakati huo, haki yake huhesabiwa tangu Machi 2024 na malipo tangu tarehe 1 Aprili. Tahadhari: nia moja hubeba dai moja. Ukiwahi kuleta dai la masikio peke yake, nia imetumika, na dai la mgongo utakaloleta baadaye litashika tarehe yake lenyewe. Anayedai ndani ya mwaka mmoja tangu aache jeshi huweza kuhesabiwa tangu siku iliyofuata kuondoka kwake. Aliye bado jeshini huweza kudai akibakiza kati ya siku 180 na 90 kabla ya kuondoka, wakati daktari wa kambi yupo na jalada lake la matibabu halijatawanyika.

Rekodi za hospitali binafsi huchelewesha sana. Mdai anaweza kusaini fomu 21-4142 ili idara iziombe kwa niaba yake, nayo huandika barua, ikangoja, ikakumbusha, kisha ikaamua kwa kilichopo. Sisi tungeshauri mdai aende mwenyewe kuchukua nakala na kuzipakia. Akishaleta kila kitu anaweza kuthibitisha kwamba hana ushahidi zaidi, dai likaingia katika mkondo wa madai yaliyokamilika. Baada ya hapo atulie! Kila karatasi mpya inayoingia wakati jalada limeshafika mbele inaweza kulirudisha kwenye hatua ya ushahidi.

Kuna rekodi ambazo hakuna bidii itakayozileta. Tarehe 12 Julai 1973 moto ulizuka katika kituo cha kitaifa cha kumbukumbu huko St. Louis, ukateketeza majalada kati ya milioni 16 na 18. Yaliyoungua yalikuwa takriban asilimia 80 ya majalada ya askari wa nchi kavu walioachishwa kati ya 1912 na 1960, na asilimia 75 ya yale ya wanajeshi wa anga walioachishwa kati ya 1947 na 1964 ambao majina yao yalifuata Hubbard kwa mpangilio wa alfabeti. Hakukuwa na nakala. Mzee wa vita vya Korea asiye na jalada hujengewa utumishi wake upya kwa hati za mishahara, ripoti za kila siku za kikosi na orodha za waliolazwa hospitalini. Maelezo ya wenzake hupokelewa pia, kwa fomu 21-10210. Mwenzake aandike alichokiona kwa macho, yaani mahali, kikosi, mwezi, na jinsi lori lilivyopinduka. Akianza kutaja jina la ugonjwa amevuka mpaka wake.

Kisha kuna uchunguzi wa kitabibu ambao idara hupanga, mara nyingi kupitia kampuni za nje. Daktari huyu hatibu. Kazi yake ni kupima na kutoa maoni. Kiungo cha mwili, kama goti, kinapimwa kwa nyuzi za pembe, kinakunjwa tena na tena kuona maumivu yanaanzia wapi. Askari wa zamani wamezoea kusema “niko sawa”, na neno hilo likiingia kwenye ripoti hushusha kiwango. Aeleze siku zake mbaya zikoje, huja mara ngapi, na ni kazi gani hushindwa siku hizo. Asiyehudhuria bila sababu ya msingi, dai lake la kwanza huamuliwa kwa kilichomo jaladani tu.

Sheria nayo imewahi kukata kona yote hii kwa baadhi ya watu. Tangu 1991 waliohudumu Vietnam hawalazimiki kuthibitisha kiungo kwa magonjwa kadhaa yanayohusishwa na Agent Orange, ile dawa ya kuua majani. Sheria ya PACT ya Agosti 2022 ilifanya hivyo kwa zaidi ya magonjwa 20 ya waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka vitani. Afisa huangalia alihudumu wapi, lini, na anaugua nini, basi. Kwa maoni yetu hakuna programu ya kompyuta iliyopunguza kazi ya jalada moja kiasi hicho, ingawa sheria hiyohiyo ilileta wimbi jipya la madai.

Uamuzi ukitoka, wengi hudhani wamepunjwa kwenye hesabu. Asilimia 50 ya ulemavu mmoja na 30 ya mwingine hazifanyi 80. Ya pili hukatwa kwenye sehemu ya mwili iliyobaki nzima: 30 ya 50 iliyobaki ni 15, jumla 65, nayo hukuzwa kuwa 70.

Aliyekataliwa ana njia tatu tangu Februari 2019. Dai la nyongeza, fomu 20-0995, linahitaji ushahidi mpya unaohusika na dai. Mapitio ya afisa wa ngazi ya juu, fomu 20-0996, hayapokei ushahidi mpya, hivyo yanamfaa aliyeona kosa katika usomaji wa jalada. Rufaa kwa Bodi ya Rufaa ya idara, fomu 10182, humfikisha kwa jaji. Kosa la kawaida ni kuomba mapitio wakati kinachokosekana ni barua ya daktari: afisa mpya atasoma karatasi zilezile na kuona pengo lilelile. Njia yoyote ikifuatwa ndani ya mwaka mmoja tangu barua ya uamuzi, tarehe ya awali hubaki hai. Wawakilishi waliosajiliwa wa vyama vya wanajeshi husaidia bila malipo, na sheria inakataza hata wakili kutoza ada kwa dai la kwanza. Anayedai pesa kabla dai halijapelekwa, mdai amkimbie.