Dalili za usonji kwa mtoto mchanga: cha kutazama, na lini

Siku hizi wazazi wengi wanaotuuliza kuhusu usonji (autism), yaani tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa namna mtoto anavyowasiliana na kushirikiana na watu, si wale wenye mtoto wa miaka mitatu asiyesema. Ni mama mwenye mtoto wa miezi mitatu au minne. Amekesha akinyonyesha, simu mkononi, video fupi zikipita moja baada ya nyingine, na asubuhi anakuja na swali: "Daktari, huyu anakodolea pangaboi kuliko uso wangu. Si usonji huo?"

Kwa umri huo hakuna daktari anayeweza kukujibu ndiyo wala hapana, na anayekujibu kwa uhakika mwogope. Watoto wote wa miezi mitatu huvutwa na mwanga na vitu vinavyozunguka. Wakifurahi hurusha mikono na miguu. Wakichoka kutazamwa hugeuza uso pembeni, maana hawana njia nyingine ya kusema "imetosha". Video nyingi zinazowatisha kina mama zinaonyesha hayo hayo.

Mwaka 2013 watafiti Warren Jones na Ami Klin wa Atlanta, Marekani, walichapisha matokeo yaliyozungumzwa sana: watoto waliokuja kubainika na usonji walianza kutazama macho ya watu kama wenzao, kisha utazamaji ule ukapungua polepole kati ya miezi miwili na sita. Ila upungufu huo ulinaswa na mashine inayofuatilia mboni, kwa vipimo vilivyorudiwa mara nyingi. Jicho la mama, au langu, haliwezi kuuona kitandani. Kwa hiyo usimpime mwanao kwa kumshika kidevu akutazame.

Kuna mambo yanayostahili kuletwa hospitali hata kwa mtoto mdogo hivyo, na mengi hayahusiani na usonji: amefika miezi mitatu hatabasamu kabisa akichekewa, hafuati kitu kwa macho, ni mlegevu mno au amekakamaa, anashtukashtuka kama mwenye degedege. Kama alizaliwa njiti, hesabu umri wake kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Wazazi wengi husahau hilo, nao hupata hofu ya bure.

Dalili za usonji zenyewe huanza kusomeka karibu na mwaka wa kwanza, na hazikai kwenye kitu kimoja. Karibu miezi tisa mtoto akiitwa jina hugeuka. Akifikisha mwaka hupunga mkono wa kwaheri na kunyoosha mikono abebwe. Tunachokitazama kuliko vyote, mimi na wenzangu, ni kidole. Kufikia miezi 18 mtoto huonyesha kidole kwa sababu mbili tofauti. Ya kwanza ni kuomba: anataka kile kikombe. Ya pili ni kukushirikisha: ameona paka ukutani, ananyoosha kidole, halafu anakugeukia kuhakikisha nawe umemwona. Hataki paka, anataka umwone paka pamoja naye. Pale ambapo hiyo ya pili haipo kabisa, au mtoto akitaka kitu anakamata kiganja chako na kukipeleka kwenye kitu bila kukutazama usoni, hapo tunakaa chini na kuuliza zaidi.

Dalili nyingine isiyosubiri umri ni kupoteza. Mtoto aliyekuwa akisema "mama" na "maji", anapunga mkono, anacheza kujificha, kisha ndani ya wiki au miezi vyote vikatoweka, aletwe, hata kama bibi anasema amedekezwa.

Mara nyingi kupoteza huko huonekana kati ya miezi 15 na 24, na hapa ndipo chanjo huingizwa kwenye kesi isiyo yake. Tanzania na Kenya, dozi ya pili ya surua-rubella hutolewa miezi 18, umri ule ule ambao dalili hujitokeza. Mama anaona sindano, kisha anaona ukimya, anaunganisha. Namwelewa. Lakini makala ya mwaka 1998 ya jarida la Lancet iliyoanzisha tuhuma hiyo ilifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010, na utafiti wa Denmark uliochapishwa 2019, wenye watoto zaidi ya 650,000, haukuona usonji ukizidi kwa waliochanjwa dhidi ya surua. Wazazi wengi wakishamaliza chanjo za miezi tisa huacha kliniki. Wangerudi miezi 18 wangepata chanjo, na wangempata nesi wa kumwuliza kuhusu kidole, jina na maneno.

Akiitwa haitiki? Masikio kwanza. Manjano makali ya siku za mwanzo, homa ya uti wa mgongo na usaha wa masikio unaojirudia vinaweza kupunguza usikivu, na mtoto asiyesikia hufanana sana na mwenye usonji kwa mtu anayemtazama juu juu. Kupiga sufuria nyuma yake si kipimo, kwani anaweza kuhisi mtikisiko. Omba apimwe kwenye kitengo cha masikio, pua na koo.

Kuna ushauri wa mtaani unaokula muda. "Watoto wa kiume huchelewa kusema." Huenda kidogo, lakini usonji hubainika zaidi kwa wavulana, kwa hiyo huyo wa kiume ndiye hasa hapaswi kusubirishwa. "Mkateni udata": ulimi ulioshikwa unaweza kusumbua kunyonya, haumzuii mtoto kuelewa wala kuonyesha kidole. "Acheni Kisukuma, mwongelesheni Kiswahili tu": lugha mbili hazileti usonji, na mama huongea vizuri zaidi kwa lugha yake. Simu na katuni je? Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini. Kuizima hakutibu usonji, ila huturudishia saa za kuongea naye.

Mwenye mtoto mwingine mwenye usonji asisubiri dalili: karibu mdogo mmoja kati ya watano naye hubainika nao, hivyo afuatiliwe tangu mapema.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa kinachoonyesha usonji. Wapo wazazi waliouza shamba kwa ajili ya picha hizo. Kwa kawaida tunaanza na dodoso la wazazi kama M-CHAT-R, lenye maswali 20, kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, kisha tunamtazama mtoto akicheza. Wengine dodoso huwanasa na baadaye ikaonekana ni kuchelewa kusema tu, nako kunahitaji msaada.

Ukija, leta kadi ya kliniki na video ya dakika mbili tatu akiwa nyumbani akila au akicheza na ndugu zake, maana hospitalini watoto wengi hunyamaza. Wakati unasubiri miadi, keti chini usawa wa macho yake, fuata anachochezea yeye, kitaje, kisha nyamaza kidogo umpe nafasi ya kujibu kwa sauti, kwa jicho au kwa mkono. Hilo halina madhara kwa mtoto yeyote, na halihitaji kungoja jina la ugonjwa.