Mzuka wa sinema ni nini?

Neno mzuka linatokana na kitenzi kuzuka, yaani kutokea ghafla. Kwa hiyo si kila kiumbe cha kutisha katika filamu ni mzuka. Zimwi lina mwili, hupigwa likafa. Mzuka ni mtu aliyekwisha kufa lakini bado anaonekana, anasikika, au walau anahisiwa kuwa yupo. Hapo ndipo ulipo ugumu wake: kamera hunasa kilicho mbele yake, na mtengenezaji filamu anataka inase kisichokuwapo.

Mwanzoni ulikuwa ufundi wa kiinimacho. Mwaka 1896 Mfaransa Georges Méliès alitengeneza filamu ya dakika tatu hivi ambamo popo anageuka shetani. Kamera ilisimamishwa, kilichokuwa mbele yake kikabadilishwa, kisha ikaendelea kupiga picha. Basi.

Mzuka tuliouzoea, ule mwepesi kama moshi, ulipatikana kwa kupiga picha mara mbili juu ya mkanda mmoja. Kwanza unapiga chumba chenye samani zake. Unaurudisha mkanda nyuma, halafu unampiga mwigizaji mbele ya pazia jeusi. Weusi hautoi mwanga, kwa hiyo hauachi alama. Anayebaki ni mwigizaji peke yake, na kiti kilicho nyuma yake bado kinaonekana kupitia kifuani mwake.

Aliyeifikisha njia hiyo mbali ni Msweden Victor Sjöström katika filamu ya Körkarlen ya mwaka 1921. Mtu wa mwisho kufa kabla ya usiku wa manane wa kuamkia mwaka mpya analazimika kuendesha mkokoteni wa Mauti mwaka mzima. Mlevi anaanguka makaburini, na roho yake inainuka kutoka kwenye mwili uliolala, ikautazama. Kamera za wakati huo zilizungushwa kwa mkono, hivyo mpigapicha Julius Jaenzon alipaswa kurudia mwendo uleule kila mara mkanda uliporudishwa, la sivyo tabaka za picha zisingelingana. Zaidi ya karne imepita, na mkokoteni ule ukipita juu ya mawimbi ya bahari bado unanisisimua mwili.

Baadaye wapo waliotambua kwamba mzuka hauhitaji kupenyeza mwanga. Katika The Innocents ya Jack Clayton, ya mwaka 1961, mwanamke aliyevaa nguo nyeusi amesimama kwenye matete ng'ambo ya ziwa, mchana kweupe. Hafanyi lolote. Kinachotisha ni umbali ule na utulivu wake.

Miaka miwili baadaye Robert Wise, katika The Haunting, hakuonyesha mzuka wowote. Kuna vishindo ukutani, kisha mlango wa mbao unabonyea kuelekea ndani, kana kwamba unasukumwa na kitu kisichojua mipaka ya mbao. Kwangu mimi hakuna mzuka unaoushinda mlango ule, kwa sababu uso wake ninautengeneza mwenyewe.

Mjapani Hideo Nakata aliurudisha mwili mwaka 1998 katika Ringu, ila aliuharibu mwendo wake. Mwigizaji alitembea kinyumenyume, kisha picha zikageuzwa. Kwenye skrini anakuja mbele, lakini kila hatua inatua pale ambapo mguu wa mtu hai ungekuwa unanyanyuka.