Sayari inayochelewa ina jirani

Wanafunzi wa fizikia hapa Lubumbashi wakinionyesha grafu ya mwanga wa nyota fulani iliyotazamwa na Kepler, darubini ya anga ya NASA, wao hutaka kujua kama sayari ipo. Mimi hutaka kujua kama inafika kwa wakati.

Sayari ikipita mbele ya nyota yake, mwanga wa nyota hupungua kidogo kwa saa chache. Ingekuwa peke yake, mipito ingefuatana kwa muda uleule. Ikiwa na jirani anayeivuta, mara itawahi, mara itachelewa. Jirani huyo, mzunguko wake ukiwa umeinama kidogo tu, anaweza asipite kamwe mbele ya nyota kwa upande wetu, lakini mvutano wake unamsaliti.

Kepler-19b, sayari ya nyota Kepler-19, hupita kila baada ya siku 9.3 hivi. Mwaka 2011, Sarah Ballard na wenzake walionyesha kuwa nyakati zake zinayumba kwa dakika 5 hivi, zikipanda na kushuka katika kipindi cha siku 300 hivi. Jirani yake, Kepler-19c, ikajulikana bila kuonekana. Ila yumbo lile lile lingeweza kusababishwa na jirani mwenye mzunguko wa urefu mwingine kabisa. Ilibidi kusubiri hadi 2017, vipimo vya mwendo wa nyota vilipoonyesha kuwa Kepler-19c huzunguka kwa siku 28.7. Ndiyo maana sipendi haraka ya kutangaza. Kepler-88b ni kituko zaidi: mzunguko wake haufiki siku 11, na bado mipito yake huyumba kwa karibu saa 12! Mwenzake huchukua siku 22 na kidogo, yaani karibu mara mbili, hivyo wanakaribiana karibu na sehemu ileile kila mara na misukumo inajilimbikiza.

Kazi ngumu ni saa yenyewe. Dunia ikizunguka Jua, mwanga hutuwahi au kutuchelewea hadi dakika 8 kulingana na wakati wa mwaka, kwa hiyo kila wakati huhesabiwa kana kwamba tumesimama kwenye kitovu cha uzito cha mfumo wa Jua. Anayesahau hilo atagundua sayari yenye yumbo la siku 365, na sayari aliyoigundua ni Dunia.

Madoa ya nyota nayo huharibu umbo la mpito na kuusogeza.

Data za Kepler ni za bure, na umeme ukiwepo kompyuta ndogo inatosha. Anzeni na hizo kabla ya zile za TESS, darubini ya anga iliyofuata: Kepler iliitazama sehemu ileile ya anga kwa miaka 4, wakati TESS hukaa siku 27 hivi kabla ya kugeukia kwingine, na yumbo la siku 300 halionekani katika mwezi mmoja.