Figo lisilo mahali pake na mafigo yaliyoungana

Mtu anatoka kwenye ekografi (kipimo cha picha za ndani ya tumbo) hapa Goma na karatasi inayosema figo lake la kushoto halipo mahali pake, au kwamba mafigo yake mawili yameshikana. Akifika nyumbani, yupo atakayesema limeoza, na yupo atakayesema liliibwa siku ya operesheni. Mara nyingi hakuna kilichooza wala kuibwa. Ndivyo alivyoumbwa tumboni mwa mama yake.

Mafigo hayaanzii mgongoni. Huanza kuumbika chini, katika nyonga, kisha kati ya wiki ya 6 na ya 9 ya mimba hupanda, yakijigeuza, hadi karibu na mbavu. Moja likikwama njiani hubaki nyongani na kuchuja damu hukohuko. Mara chache figo huvuka kwenda upande wa mwenzake na kuungana naye, ila mrija wake wa mkojo hurudi kuingia kibofuni upande wake wa asili.

Yanayoonekana zaidi ni mafigo yenye umbo la U, kwa mtu 1 hivi kati ya 500, wanaume kuliko wanawake. Ncha zake za chini hugusana kabla ya kupanda. Daraja la nyama linaloziunganisha hukwama chini ya ateri moja inayolisha utumbo mpana, basi mafigo hayafiki juu.

Wengi huishi hivyo bila kuumwa. Tatizo likija, huwa ni la mkojo: mirija hupita juu ya daraja lile, mkojo hutuama, na palipotuama huja mawe na maambukizi. Homa yenye maumivu ya ubavu, au damu kwenye mkojo, isingojewe nyumbani. Ajali ya moto, yaani pikipiki, nayo isidharauliwe, kwa sababu daraja limelala mbele ya uti wa mgongo bila mbavu za kulikinga.

Ninalowasihi watu ni kuitunza ile karatasi. Figo la nyongani likipapaswa hudhaniwa uvimbe, na daktari asiyejua anaweza kulitoa, pengine ndilo pekee mtu alilo nalo. Mama mjamzito aionyeshe siku ya CPN, yaani kliniki ya wajawazito. Wengi wenye figo la namna hiyo huzaa kawaida, lakini ikibidi kupasuliwa, daktari ajue mapema pa kupitisha kisu.