Mafua yako, kifo cha sokwe

"Dokta, hao sokwe hawatatuambukiza kitu?"

Mimi ni daktari wa wanyama, na naulizwa hivyo karibu kila nikipanda boti Kibirizi, Kigoma, kwenda Hifadhi ya Gombe. Safari iliyopita aliyeuliza alikuwa kibarua, kijana aliyekuwa anakwenda kubeba mizigo ya wageni hukohuko hifadhini. Alipenga kamasi kwa kiganja, akajifuta kwenye suruali, ndipo akauliza. Nilitazama ziwa kwanza nisije nikamjibu vibaya.

Ndiyo, yapo magonjwa yanayotoka kwa mnyama kuja kwetu. Ila mimi ninayemhofia ni wewe. Chembe za urithi za sokwe zinafanana na zetu kwa takriban asilimia 98, hivyo virusi vya mafua yako vinaingia kooni mwake bila hodi. Wewe umekulia kwenye mafua. Unakunywa chai ya tangawizi, keshokutwa uko sokoni Mwanga. Mwili wa sokwe haujawahi kukutana nayo. Kikohozi kinashuka kifuani, kinakuwa nimonia, na kwa kuwa wanalala kundi moja na kuchambuana manyoya kutwa, hakiishii kwa mmoja. Mwaka 1966 polio iliwaingia sokwe wa Gombe. Wengine walikufa, wengine wakapooza mikono au miguu, na mtafiti wa sokwe Jane Goodall na wenzake wakalazimika kuwafichia chanjo ndani ya ndizi.

Kwa hiyo tukisema barakoa, mita 10 au zaidi, usiteme mate, usitupe maganda, hatujiskii. Na ukiamka koo linawasha, ahirisha safari! "Nimeshalipa" si dawa ya kifua. Kijana nilimpa barakoa. Akashukuru vizuri tu, akaikunja akaitia mfukoni.

Mengine nayasikia pia. Eti bunduki ya usingizi inamlaza mnyama papo hapo: hapana, dawa inachukua dakika kadhaa, na sokwe akilegea akiwa juu ya mti anaanguka. Ndiyo maana siku nyingi silaha yangu ni kijiti na kichupa. Alfajiri unasimama chini ya kiota, unasubiri waamke, unaokota kinyesi kingali na mvuke. Humo unapata minyoo, homoni za mimba, hata virusi vya SIV, ndugu wa VVU.

Eti mtoto wa sokwe anafugika. Ili umpate, mama yake huuawa kwanza. Akikua anakuzidi nguvu, na kabla ya hapo utakuwa umeshafikishwa mahakamani.

Na wazazi mnaonipigia simu mkitaka mwanenu awe daktari wa wanyama: Chuo cha Mweka wanafundisha usimamizi wa wanyamapori, si udaktari. Udaktari ni Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, miaka 5, kisha usajili wa Baraza la Veterinari. Humo chuoni mwanao atakutana na ng'ombe, mbuzi na kuku kabla hajamwona sokwe. Kama anaona kinyaa kuingiza mkono hadi kwapani nyuma ya ng'ombe, mwambieni mapema.