Usiku ndio wenye neno: dhana potofu kuhusu wakati wa mimea kuchanua

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ikinyesha vizuri kwenye shamba la kahawa, siku saba hadi kumi baadaye mibuni huwa myeupe na harufu kama ya asumini hujaa kila mahali. Ndiyo maana wengi huamini kwamba mvua ndiyo inayotengeneza maua. Sivyo. Matumba huwa yamekwisha kujengeka kwenye vifundo vya matawi wiki nyingi kabla, yakafika milimita 4 hadi 6, kisha yakalala. Kiu ya kiangazi huyaandaa na mvua huyaamsha. Mbuni usioonja kiu hata kidogo huchanua ovyo, leo tawi hili, kesho lile, na kazi ya kuchuma haiishi.

Wapo wanaosema mmea huhesabu urefu wa mchana. Kosa hili lina historia yake. Mwaka 1920, Wightman Garner na Harry Allard wa Marekani walitoa matokeo yao kuhusu tumbaku iitwayo Maryland Mammoth, iliyokuwa ikirefuka majira yote ya joto bila kutoa ua. Walipoifungia kwenye kibanda cha giza tangu alasiri, ikachanua. Hapo ndipo lilipozaliwa jina “mimea ya siku fupi”, na tunalo hadi leo. Lakini mwaka 1938 Karl Hamner na James Bonner waliukatiza usiku wa gugu liitwalo Xanthium kwa mwanga wa muda mfupi tu, na maua hayakutoka. Walipoukatiza mchana kwa giza, haikuleta tofauti. Kinachopimwa ni giza lisilokatizwa.

Wakulima wa maua ya krisanthemumu nchini Kenya wanalijua hili kwa vitendo. Usiku wetu wa saa 12 ungeufanya mmea uchanue ukiwa bado mfupi, usiuzike. Kwa hiyo huwasha taa usiku ili shina lirefuke kwanza. Likifika kimo, huzima, na matumba huanza.

“Lakini sisi tuko karibu na ikweta, mchana na usiku ni sawa!” Si sawa kabisa. Nairobi, siku ndefu kuliko zote huizidi ile fupi kwa takriban dakika 9. Dar es Salaam, kwa robo tatu ya saa na ushei. Ni kidogo kwa macho yetu. Kwa mmea ni habari tosha: mpunga uitwao Siam 29, uliojaribiwa Malaya (leo ni sehemu ya Malaysia) katika miaka ya 1950, mahali ambapo tofauti hiyo ni dakika 14 tu, ulichanua baada ya siku 161 ulipopandwa Septemba, na baada ya siku 329 ulipopandwa Januari. Mbegu ile ile! Kwangu mimi hakuna ushahidi unaoishinda hesabu hiyo.

Na anayepima si tumba, ni jani. Mwanasayansi wa Kisovieti Mikhail Chailakhyan alipendekeza mwaka 1937 kwamba jani hutuma ujumbe hadi kwenye ncha ya tawi, akauita florijeni. Ilichukua miaka 70: mwaka 2007 ilithibitishwa kuwa mjumbe huyo ni protini iitwayo FT, inayosafiri kwenye mishipa ile ile inayobeba sukari.

Sasa mwembe. Usipochanua, utasikia “huo ni dume”, na panga linanolewa. Hakuna mwembe dume: kila mwembe hutoa, kwenye shada moja, maua ya kiume na maua yenye jinsia zote mbili. Wenyewe hausubiri usiku mrefu. Kwake dalili kubwa ni baridi, kama ile ya usiku wa kipupwe, na majani yaliyokomaa ndiyo yanayoitika. Kwa hiyo utazame mwezi wa Mei. Ukiukuta umejaa majani machanga mekundu, labda kwa sababu ya mbolea nyingi ya naitrojeni au maji ya ziada, matumba yake mengi yatageuka majani, sio maua. Ukiukuta wa kijani kibichi iliyokolea na umetulia, uache upigwe na baridi.